Kishikwambi, simu janja, au kamera na kompyuta: kipi kimfae mwanafunzi wa uandishi wa habari?

Kila mara chuo kinapopata fedha kidogo za vifaa, swali huwa lile lile: tununue nini ili mwanafunzi wa uandishi wa habari ajifunze kuripoti kwa maandishi, picha, sauti na video kwa pamoja? Zamani jibu lilikuwa moja, yaani kamera na maabara ya kompyuta, na ubishi ulikuwa juu ya idadi tu. Leo ziko njia tatu ambazo zote zina watetezi wa kweli: kishikwambi, simu janja ambayo mwanafunzi anayo tayari mfukoni, na jozi ile ya zamani ya kamera na kompyuta. Nimefundisha kwa zote tatu katika chuo cha hapa Tanzania, na ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mkufunzi au mkuu wa idara anayetakiwa kupeleka pendekezo la ununuzi na ambaye asingependa kuamua kwa kutazama tangazo la duka.

Kishikwambi si kitu kigeni kwetu. Watanzania wengi tulilizoea neno lenyewe wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Kenya, ambako wengi husema tableti, vilianza kusambazwa katika shule za msingi mwaka 2016. Hata hivyo, kujaza dodoso na kusoma kitabu ni kazi moja, na kuandaa habari ya video ya dakika mbili yenye sauti safi ni kazi nyingine kabisa. Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa chini, ni kwamba kishikwambi ni meza nzuri ya kuhariria na kamera ya wastani tu, na kwamba idara nyingi hukinunua kwa ajili ya ile kazi kisichoiweza vizuri.

Dakika za mkono

Kabla ya kulinganisha lenzi na betri, pigeni hesabu ya muda ambao mkono wa mwanafunzi mmoja utakaa juu ya kifaa. Chukua darasa la wanafunzi 32 na kipindi cha vitendo cha saa mbili, yaani dakika 120. Chuo chenye kamera mbili kina dakika 240 za kugawana, kwa hiyo kila mwanafunzi anapata dakika saba na nusu, zikiwemo zile za kufungua begi na kutafuta kifuniko cha lenzi kilichodondoka. Chuo chenye vishikwambi vinane kinaweka wanafunzi wanne kwa kila kimoja, na kila mmoja anapata nusu saa. Darasa ambamo kila mtu anatumia simu yake lina dakika zote 120 kwa kila mkono.

Kwa hesabu hiyo simu imeshinda kabla hatujaanza, lakini hesabu hiyo inaficha jambo. Simu 32 ni simu za aina nyingi, kila moja na menyu yake ya kamera, na mkufunzi anayesema "bonyezeni hapa" atagundua kwamba "hapa" haipo kwenye nusu ya simu zilizomo darasani. Wako wanafunzi ambao kioo cha lenzi kimepasuka, wako ambao kumbukumbu imejaa picha za harusi ya dada, na wako wawili watatu ambao hawana simu janja kabisa na hawatasema hadharani. Kishikwambi cha chuo kinafuta tofauti hizo kwa sababu vyote vinane ni sawa: somo linafundishwa mara moja, na kosa la kundi moja linaeleweka kwa makundi yote. Isitoshe, kwenye kishikwambi wale watatu ambao zamu yao haijafika hawakai bure, kwani kioo cha inchi 11 kinawatosha wanne kuona kinachofanyika, jambo ambalo kioo cha simu cha inchi sita na nusu hakiruhusu hata kwa wawili wanaopendana.

Kupiga picha na video

iPad ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2010, haikuwa na kamera hata moja. Kamera ilikuja na iPad 2 mwaka uliofuata. Naikumbusha historia hiyo kwa sababu bado inaonekana katika umbo la kifaa: kishikwambi kilibuniwa kutazamia, na kamera ikaongezwa baadaye. Samsung Galaxy Tab A9+, ambacho ni mfano mzuri wa kishikwambi cha bei ya kati, kina kamera ya nyuma ya megapikseli 8. Muuzaji atakuambia kwamba simu ya bei ndogo kuliko hiyo ina megapikseli 50, na asikubabaishe, maana fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video) ya 1080p, ubora wa kawaida wa HD, ina pikseli milioni mbili tu. Tatizo la kamera ya kishikwambi liko kwenye lenzi ndogo isiyopenda giza na kwenye picha inayotikisika, si kwenye idadi ya pikseli.

Nayo inatikisika kwa sababu ya uzito. Vishikwambi vya ukubwa huo vina takriban gramu 480, wakati simu nyingi ziko karibu na gramu 190. Mwambie mwanafunzi anyooshe mikono na kushika nusu kilo kwa mahojiano ya dakika tatu, halafu mtazame video hiyo pamoja: dakika ya kwanza ni nzuri, ya pili inapumua, ya tatu inacheza. Stendi ya miguu mitatu ingetatua hilo, ila kibanio cha simu kinapatikana kwa machinga wa kona yoyote ilhali kibanio cha kishikwambi ni cha kuagiza, na bila kibanio kishikwambi hakina tundu la skrubu la kukifunga kwenye stendi kama kamera ilivyo nalo.

Kuna pia suala la anayehojiwa, ambalo vipimo vya kiwandani havilitaji. Mwanafunzi akiingia sokoni na kamera kubwa, swali la kwanza ni "mnatoka TV gani?", na mama aliyekuwa akiongea kwa uchangamfu anabadilika na kuanza kuhutubia. Akiingia na simu, watu hawajali sana, kwa kuwa kila mtu anayo, na mazungumzo yanabaki mazungumzo. Akiingia na kishikwambi, watu wanadhani ni mwandikishaji wa kitu fulani. Nimeona muuza nyanya akikataa kuongea na wanafunzi wangu mpaka wamhakikishie kwamba hawakutumwa na halmashauri kuhesabu meza za biashara, na baada ya kuhakikishiwa akauliza kama basi ni watu wa mikopo. Kishikwambi kilichonyanyuliwa pia kinaufunika uso wa mwandishi, na mtu anayehojiwa anabaki kuongea na bamba.

Kamera yenye lenzi ya kubadilisha bado haina mpinzani panapohitajika kuvuta kitu cha mbali, kama mchezaji upande wa pili wa uwanja au waziri jukwaani huku waandishi wamezuiwa nyuma ya kamba. Kwa kazi nyingine nyingi za kila siku simu inatosha, na jambo hili si geni: mwaka 2007 shirika la Reuters lilishirikiana na Nokia kuwapa waandishi simu ya N95 pamoja na kibodi ndogo, maikrofoni na stendi, ili wajaribu kuandaa na kutuma habari bila kurudi ofisini. Kwa hatua ya kupiga picha, basi, simu ya kwanza, kamera ya pili, kishikwambi cha tatu.

Sauti, mahali ambapo wengi huanguka

Mtazamaji huvumilia picha iliyofifia kama anachosikia kinaeleweka, lakini hamvumilii mtu asiyesikika hata akiwa amepigwa picha kama ya sinema. Kwa hiyo ningeomba kila idara inayolinganisha vifaa ianze na swali dogo la kuchosha: maikrofoni itachomekwa wapi?

Majibu yanashangaza. Canon EOS 2000D, kamera ambayo vyuo vingi huvutwa nayo kwa sababu ya bei, haina tundu la maikrofoni ya nje kabisa. EOS 250D, iliyotoka mwaka 2019 na inayofanana nayo kwa mbali, inalo. Ukikosea namba ya kamera katika hati ya zabuni, utakuwa umenunua kamera inayorekodi sauti ya upepo na ya kidole cha mpiga picha. Chuo kinachojikuta hapo hulazimika kutumia kinasa sauti cha pembeni, kupiga kofi moja mbele ya lenzi mwanzoni mwa kila kipande, kisha kulinganisha kofi la picha na kofi la sauti wakati wa kuhariri. Si jambo baya kujifunza, na wenye filamu wanaishi hivyo, lakini kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza linakula muda ambao ungetumika kuuliza maswali bora.

Upande wa vishikwambi, iPad ya kizazi cha 10 ya mwaka 2022 iliondolewa tundu la hedifoni, kwa hiyo maikrofoni ya waya ya kawaida inahitaji adapta ya USB-C, na adapta ndicho kitu cha kwanza kupotea katika chuo chochote duniani. Galaxy Tab A9+ inalo tundu hilo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola kama Boya BY-M1 ina waya wa mita sita na swichi ya kuchagua kati ya simu na kamera. Swichi ikiachwa upande usiofaa, mahojiano yote yanarudi kimya au yakiwa na mlio. Mwanafunzi afundishwe pia kuitazama plagi yenyewe: ile yenye mikanda mitatu myeusi ni ya simu na vishikwambi, yenye mikanda miwili ni ya kamera, na kuichomeka ya kamera kwenye simu bila adapta ni kurekodi kwa maikrofoni ya ndani huku ukidhani unarekodi kwa ile ya nje. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe mbele ya darasa, na sijawahi kufundisha somo lililokumbukwa kama lile.

Udhaifu mmoja unazikumba simu na vishikwambi kwa pamoja: maikrofoni ikishakalia tundu, hedifoni haina pa kwenda, na mwandishi hawezi kusikia anachorekodi. Dawa yake ni nidhamu, yaani kurekodi sekunde kumi, kuchomoa, kusikiliza, kisha kuanza. Kinasa sauti kidogo chenye tundu lake la hedifoni, kama Zoom H1n, hakina tatizo hilo, na kwa maoni yangu vinasa sauti vinne vina thamani kubwa kwa darasa kuliko kishikwambi cha tisa.

Kuhariri

Hapa ndipo kishikwambi kinapolipa gharama yake. Uhariri wa habari, unapofundishwa vizuri, ni mabishano: kipande hiki kianze kabla au baada ya mzee kukohoa, sauti ya mashine ya kusaga isikike kwa sekunde ngapi kabla ya msimulizi kuingia, na je, ni haki kuikata sentensi ya diwani pale ilipokatwa? Mabishano yanahitaji watu wanaoona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukikilaza kishikwambi mezani, wanafunzi wanne wakakizunguka, mmoja anavuta kipande kwa kidole, mwenzake anakirudisha, na mkufunzi anayepita anaona papo hapo walipofika. Kwenye simu kila mwanafunzi anainama peke yake, na kosa lake linagunduliwa siku ya kukusanya kazi. Kwenye kompyuta ya maabara aliyeshika kipanya ndiye mhariri, wengine ni watazamaji, na nimeona mara nyingi mno kwamba anayeshika kipanya ni yule yule kila wiki, na aghalabu ni mvulana.

Kwa nguvu ya programu, kompyuta bado iko mbele. Toleo la bure la DaVinci Resolve lina uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya chumba cha habari cha kawaida, ila linataka kompyuta yenye nguvu, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 ndiyo kiwango cha kufanya kazi bila kuumia. Mashine za maabara zetu zenye GB 4 zinaweza kuifungua programu hiyo, mkaenda kunywa chai, mkarudi. Shotcut na Kdenlive ni nyepesi na za bure, na kwa sauti Audacity haijapata mrithi. Kwenye iPad kuna iMovie isiyolipiwa, LumaFusion ya kununua mara moja ambayo taimlaini yake, yaani mstari wa kupangia vipande vya video, inafanana vya kutosha na ya kompyuta kiasi cha kumwandaa mwanafunzi, na tangu Desemba 2022 DaVinci Resolve yenyewe. LumaFusion iko pia kwenye Android tangu 2023, ingawa wengi huanzia KineMaster, ambayo toleo lake la bure huacha chapa yake juu ya video. Chapa hiyo si tatizo la urembo peke yake: mwanafunzi anayeomba kazi kwenye TV ya mtandaoni akiwa na kazi tatu zenye chapa ya programu ya bure ameshasema jambo kuhusu chuo chake kabla hajafungua mdomo.

Kuna mtego mwingine unaoonekana pale tu vifaa vinapochanganywa. Simu na vishikwambi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka kidogo kulingana na mwanga, na baadhi ya programu za kompyuta, hasa matoleo ya zamani, huitafsiri vibaya, mpaka kufikia dakika ya tano midomo inatangulia sauti. Programu ya bure ya HandBrake hulibadilisha faili liwe na kasi moja na kumaliza ugonjwa huo. Vivyo hivyo, video iliyorekodiwa kwa mfumo wa HEVC, unaoibana zaidi ili ichukue nafasi ndogo, mara nyingi haifunguki kwenye kompyuta ya zamani. Siku ya kwanza ya somo kamera zote ziwekwe kwenye H.264, mfumo wa zamani zaidi. Anayehariri kwenye kifaa kile kile alichorekodia hakutani na matatizo haya, na hiyo ni hoja ya kweli ya wanaotetea kishikwambi kwa kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuandika nako kusisahauliwe, kwa kuwa habari ya mchanganyiko bado inahitaji aya zilizonyooka. Kompyuta mpakato ndiyo bora, kishikwambi chenye kibodi ya Bluetooth kinafuata, na simu ni ya maelezo ya picha na habari fupi. Kishikwambi kikitoka kwenye boksi kikiwa na kibodi ya Kiingereza, kitayasahihisha maneno ya Kiswahili kwa ujasiri wa ajabu. Wekeni Gboard, kibodi ya Google, chagueni Kiswahili, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

Mafaili kusafiri kutoka kifaa hadi kifaa

Kama simu ndiyo ya kupigia picha na kishikwambi ndicho cha kuhariria, faili linapaswa kuvuka, na uvukaji huo ndio unaopaswa kuamua mnunue kishikwambi cha kampuni gani. Kwa takwimu za Apple, dakika moja ya video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde hula takriban MB 60 kwa HEVC na MB 130 kwa H.264, na 4K, ubora wa juu zaidi, hupandisha kiwango hicho hadi MB 170 na 350. Kundi linalorudi na dakika 20 za 1080p katika H.264 limebeba GB 2.6. Hamwezi kuituma kwa bando la mwanafunzi, na mkiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida itaminywa mpaka nyuso zigeuke uji. Ikitumwa kama hati haiminywi, lakini kikomo ni GB 2.

Wanafunzi wengi wa ukanda wetu wana simu za Android. Kati ya Android na Android, Quick Share hupitisha mafaili bila bando na bila waya, na waya wa USB-C nao hufanya kazi. Kati ya Android na iPad, njia rahisi ni flashi ya USB-C, ambayo iPad inaisoma kupitia programu ya Files, na mtahitaji flashi moja kwa kila kundi. Si kikwazo kikubwa, lakini hujirudia kila wiki, na jambo dogo linalojirudia kila wiki kwa mihula miwili huwa kubwa. Hii ndiyo sababu ya msingi inayonifanya nipendekeze vishikwambi vya Android kwa vyuo vyetu, licha ya kukiri kwamba programu za kuhariri za iPad ni bora na kwamba kifaa chenyewe hudumu.

Kumbukumbu ni sehemu ya hoja hiyo hiyo. Makundi manne yakitumia kishikwambi kimoja, kila moja likileta GB 2.6 kwa wiki, ni zaidi ya GB 10. Kifaa cha GB 64, ukiondoa kinachochukuliwa na mfumo, kinajaa ndani ya mwezi na siku chache. Galaxy Tab A9+ hupokea kadi ya microSD, iPad haipokei kadi yoyote.

Umeme na joto

Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inakufa na uhariri usiohifadhiwa unakufa nayo, wakati kishikwambi kinaendelea hadi jioni. Kuhusu joto, Apple hutaja nyuzi 35 kama mwisho wa mazingira yanayofaa kutumia iPad, na Dar es Salaam ya mwezi Februari, juani saa saba mchana, huupita mpaka huo bila kubisha hodi. Kifaa hufifisha kioo na kuonya kwamba kinataka kupoa. Simu nazo huchemka. Kamera huvumilia zaidi.

Siri ya aliyezungumza nawe

Jambo hili sijaliona likitajwa katika mapendekezo ya ununuzi, nalo ni zito. Kishikwambi cha chuo hupita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo mahojiano ya binti aliyesimulia unyanyasaji kazini yaliyorekodiwa na kundi la Jumatatu yanaweza kufunguliwa na kundi la Jumatano, kwa nia njema kabisa, wakitafuta kazi yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, mwandishi anayeshindwa kulinda sura ya aliyemwamini hajajifunza kazi. Vishikwambi vya Android vya aina niliyoitaja huruhusu kufungua akaunti za watumiaji kadhaa kwenye kifaa kimoja, kila kundi na nywila yake. Kwa iPad, akaunti nyingi hupatikana tu chuo kikiweka mfumo maalumu wa usimamizi wa vifaa, na hilo linahitaji fundi anayejua anachofanya.

Simu binafsi ina hatari ya upande wa pili. Kile alichorekodi mwanafunzi kinakaa pamoja na picha za familia, kinapanda chenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mdogo wake anayechezea simu usiku anaweza kukituma popote. Kamera yenye kadi inayofungiwa kabatini ndiyo salama kuliko vyote, na hapa tekinolojia ya zamani inastahili heshima yake.

Bei, na ningechagua nini

Nchini Marekani iPad ya kizazi cha 10 ilianza kuuzwa kwa dola 449 na kushushwa hadi 349 mwaka 2024, na Galaxy Tab A9+ ilianzia dola 219.99. Bei za Kariakoo au za katikati ya Nairobi huwa juu ya hizo kwa sababu ya ushuru na faida ya muuzaji, lakini uwiano unabaki karibu na huo huo: bei ya iPad moja inakaribia kununua kishikwambi cha Android pamoja na maikrofoni mbili, kadi ya kumbukumbu na kasha la kukikinga kikidondoka. Kasha si la hiari.

Kwa darasa la watu 32 na fedha za kawaida, ningewaacha wanafunzi wapige picha kwa simu zao, nikatenga simu tatu za chuo kwa ajili ya wasio nazo na kuziazima bila maswali, nikanunua vishikwambi vinane vya Android vya kuhariria, maikrofoni za kola kumi na mbili, vibanio na stendi, vinasa sauti vinne, na kubaki na kamera moja yenye tundu la maikrofoni kwa michezo na matukio ya jukwaani. Mwaka wa mwisho ningewahamishia kwenye kompyuta, kwa kuwa vituo vya televisheni bado vinahariri huko na mhitimu asiyejua kipanya atapata shida wiki yake ya kwanza.

Idara inayofundisha redio zaidi ya kitu kingine isinunue vishikwambi hata kimoja. Fedha zote ziende kwenye vinasa sauti, hedifoni na kompyuta chache zenye Audacity. Idara yenye mahitaji ya picha za magazeti na yenye mpiga picha mzoefu wa kufundisha inunue kamera chache, na igawe darasa katika vikundi vidogo ili dakika saba na nusu ziwe ishirini. Na idara ambayo haina mtu wa kuvitunza, yaani mtu anayejulikana kwa jina ambaye jioni anavihesabu, anavichaji na kufuta mahojiano yaliyokwisha kutumika, ibaki na simu za wanafunzi hadi impate, kwani vishikwambi visivyo na mlezi huisha kimya kimya: kimoja kioo, kingine chaja, cha tatu hakuna aliyekiona tangu mahafali.

Iko idara ya mwisho, ambayo haikuulizwa ikaletewa tu vishikwambi na mradi ulioisha. Hiyo ivibandike namba, ivifungulie akaunti za vikundi, na viwili ivipeleke studio: kishikwambi kilichowekwa chini ya lenzi ya kamera, maandishi yakipanda taratibu, humsomesha mtangazaji habari bila kuinamisha macho, na katika kazi hiyo sijaona kifaa cha bei hiyo kinachokizidi.